Mita Mbili za Mwisho

Haya niliyasema mbele ya wenye magari ya zamani tulipokusanyika viwanja vya Maisara, Unguja. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza vikohozi tu.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, ndugu zangu, akina mama mliokuja kuhakikisha kama kweli waume zenu walikuwa wanakuja huku, na nyinyi vijana mliopanda ukutani kwa sababu viti vimekwisha: nakushukuruni nyote.

Nimepewa dakika 20, na nimeambiwa nizungumze juu ya utunzaji wa magari ya zamani. Sitozungumza hilo. Asubuhi nilifika mapema, nikakaa kivulini pale na kikombe changu cha kahawa, nikawa natizama mnavyoingia. Alikuja mzee mmoja na Peugeot 404 nyeupe, inang'ara kama sahani ya harusi. Kutoka getini mpaka hapa alikuwa anakwenda kama bwana harusi mwenyewe. Alipotakiwa airudishe gari nyuma aingie kwenye safu, akaenda mbele akarudi, akaenda mbele akarudi, mara tano. Mara ya sita akaiacha ilivyo, mshazari, akashuka, akaitizama kama mtu anayemtizama mtoto wa jirani aliyemwaga uji.

Nilicheka, astaghfirullah. Lakini nilicheka kwa kuwa nilijiona mimi.

Basi leo nitazungumza rivasi. Rivasi na kupaki.

Gari ya zamani haiumii njiani. Unatoka nayo Nungwi, unapita Mahonda, unapita Bububu, mashimo unayakwepa, daladala zinakupita na honi zao, unafika mjini salama. Inaumia mita mbili za mwisho. Kila mmoja wenu hapa anaijua mikwaruzo ya gari yake kama anavyojua makovu ya magoti yake: huu wa nguzo ya umeme, huu wa mtaro, huu wa Vespa ya shemeji. Niambieni ni upi kati ya hiyo ulipatikana gari ikiwa inakwenda kasi. Yote imepatikana kwa mwendo ambao hata mtu mwenye bakora angekupita.

Mimi yangu ni Morris Minor 1000 ya mwaka 1959, rangi ya kijivu, kijivu kile cha shingo ya kunguru. Marehemu baba alifanyia teksi. Nimeirithi pamoja na deni la tairi mbili. Na kisa nitakachokupeni ni cha miaka 13 nyuma, siku ya harusi ya mtoto wa dada yangu.

Bibi harusi alikuwa kwao Mkunazini, ndani kidogo, kwenye uchochoro ambao gari inaingia lakini haigeuki. Nikapiga hesabu zangu vizuri: niingie kinyumenyume, ili nikishampakia nitoke kwa mbele. Hesabu ilikuwa sahihi, na mpaka leo naitetea. Ukiweza kuchagua, rivasi ipige wakati wa kuingia, gari ikiwa tupu na akili yako imetulia, usiiweke akiba wakati wa kutoka, watu wanakupungia mikono na mama mtu analia.

Shangazi yake akataka gari isogee mpaka mlangoni, nguo ya bibi harusi isiguse vumbi. Tayari. Kioo cha nyuma kilikuwa kimefunikwa na riboni na maua, sioni kitu. Gari yangu haina vioo vya pembeni, ina kile kimoja cha ndani, na siku ile kilikuwa kinanionesha asumini tu. Pembeni, kwenye baraza, wazee wanne walikuwa wanacheza bao. Waliponiona wakaacha kete, wakanyanyuka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Wa kwanza: "Njoo, njoo, njoo, nafasi kubwa." Wa pili: "Kata kulia!" Nikakata kulia. "Kulia kwangu, si kulia kwako!" Wa tatu yeye hakusema kitu, alikuwa anaipiga bodi kwa kiganja, pa, pa, na kwenye daladala naielewa lugha ile, lakini pale sikujua pa moja ni njoo au ni simama. Wa nne alikuwa anamwambia wa kwanza kwamba hajui kuelekeza. Wenyewe wa pwani tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nilikuwa na manahodha wanne, na shangazi dirishani juu.

Haikulia kishindo. Ulikuwa mlio mdogo, kama mtu anayekuna nazi kwa mbuzi butu: krrrr. Halafu kimya. Hata wa nne alinyamaza.

Nikashuka. Bampa la nyuma, ncha ya kushoto, limekaa juu ya pembe ya baraza. Mwenye baraza, mzee wa watu, alipita mbele yangu bila ya kuitizama gari hata mara moja. Akainama, akaokota kipande cha chokaa, ukubwa wa andazi hivi, akakipangusa kwa kanzu yake, akanionesha.

"Baraza hili alijenga babu yangu," akasema. "Gari yako kajenga nani?"

Sikuwa na jibu.

Bampa nililinyoosha siku ya pili kwa nyundo ya mpira na kipande cha ubao, nusu saa, likarudi. Ukitaka kuuona mstari uliobaki, gari ipo pale, shauri yako. Lakini baraza lilinichukua wiki tatu. Nilifika na ndoo ya saruji, nikajiona mtu mwema. Fundi akanifukuza. Akaniambia kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua. Ukizipaka saruji unyevu unabaki ndani hauna pa kutokea, na baada ya muda plasta yote inabanduka, tena na kipande cha ukuta juu yake. Ikabidi itafutwe chokaa, irowekwe, ingojewe, ichanganywe na mchanga, ipakwe, ingojewe tena. Kila siku nilipita pale kwenda kuomba radhi, na kila siku mzee alinikaribisha kahawa, jambo ambalo lilinitesa zaidi.

Nalisema hili kwa sababu sisi wenye magari haya tuna tabia ya kudhani kwamba kitu cha kale ni kilichopo barabarani peke yake. Mji ule umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ile milango ya nakshi yenye njumu za shaba, ukiigusa kwa buti, buti ndilo litakalotoboka, lakini siku utakayovunja kipande cha nakshi hutokwenda kukinunua dukani. Kwa hiyo ninaposema kupaki bila ya kuumiza, msiniulize gari tu.

Sasa, lile swali la mzee. Jibu nimelipata baadaye, nikenda nikampa.

Gari yangu aliibuni mtu anayeitwa Alec Issigonis, aliyezaliwa mwaka 1906 Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Ndiye huyo huyo aliyekuja kubuni Mini, ile gari ndogo ya Kiingereza. Gari ilioneshwa kwa watu mara ya kwanza London mwaka 1948. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1947, wakati kila kitu kinakaribia kuwa tayari, yeye mwenyewe aliitizama akaona haimkai machoni, nyembamba mno. Akaamrisha gari ya majaribio ikatwe katikati kwa urefu, kama unavyopasua papai, vipande viwili visogezwe mbali na mbali mpaka aseme basi. Alisema basi kwenye inchi 4. Ndiyo sababu ukitizama boneti ya Minor utaona utepe ulioinuka katikati, kutoka kwenye kioo mpaka puani. Ile ndiyo kiraka cha zile inchi. Na mabampa yalikuwa yameshatengenezwa, kwa hiyo yale ya mwanzo yalikatwa katikati yakatiwa kipande.

Inchi 4, maana yake inchi 2 kila upande. Nilimwambia mzee: "Babu, huyu bwana angeridhika na gari yake ya kwanza, baraza lako ningelipita." Akafikiri. Akasema, "Au ungeshuka ukaangalia."

Hapo hapo, ndugu zangu. Ningeshuka nikaangalia. Mimi ni mtu wa makamo, nina miguu miwili mizima, mlango wangu unafunguka, na sikushuka kwa sababu watu wananitizama. Dereva wa gari ya zamani ana maradhi hayo. Tukipita, watoto wanapiga makofi, watalii wanapiga picha, kichwa kinajaa upepo. Sasa ushuke katikati ya uchochoro, uizunguke gari, uchungulie chini, upande tena? Unaona kama unakiri mbele ya hadhara kuwa hujui. Mimi siku hizi nashuka. Nashuka mara mbili, mara tatu. Juzi Malindi nilishuka mara nne, kijana mmoja akaniuliza, "Ami, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta mtaro, na kweli nikauona, hauna mfuniko, shubiri moja kutoka tairi langu.

Jengine ni umbo. Magari haya yameviringana. Ukikaa kwenye kiti cha Minor ukageuza shingo, unaona kioo, halafu mteremko, halafu basi. Pale gari inapoishia huoni. Vijana wa Vitz na Noah wana kamera, na mama wa Kijapani anawasemesha, hawamfahamu lakini anawasaidia. Sisi tunakisia. Ajabu ni kwamba wapo waliolifikiria hili zamani. Mwaka 1959 Mercedes-Benz walitoa zile gari zao zenye mapezi nyuma. Watu wote wakasema ni mapambo, wameiga Marekani. Wenyewe walisema hapana, hizi ni alama za dereva kulengea anaporudi nyuma, ajue pembe zake zinaishia wapi. Na mzee wangu wa 404, yako nayo ina mapezi nyuma. Yapo pale miaka yote unayatia polishi. Yatumie.

Sisi tusio na mapezi tufanye ujanja. Mimi nimeipaki gari nyumbani, ukuta nyuma yake, nikairudisha kidogo kidogo mpaka ikabaki kiganja kimoja, kisha nikakaa kitini nikageuka, nikaangalia ukuta unakatika wapi kwenye kioo. Pale pale nikaweka alama ya kucha kwenye mpira wa kioo. Ukuta ukifika kwenye alama, nimefika. Kwa mbele natumia ule utepe wa boneti. Nikikaa upande wangu wa kulia nikaona utepe unagusana na ukingo wa barabara kushoto, najua tairi za kushoto zimekaribia. Kila gari ina yake na kila mtu ana kimo chake, kwa hiyo msichukue alama yangu, tafuteni zenu. Saa moja ya Ijumaa asubuhi inatosha, ndoo mbili za plastiki badala ya ukuta. Ndoo ukiigonga inakusamehe.

Na msisahau pua. Tunageuza shingo nyuma, macho yote nyuma, na magurudumu yanayokata yapo mbele. Ukikata kulia huku unarudi, pua inatoka kushoto, tena inatoka sana. Wengi wanaolalamika waligonga nyuma, wakienda kutizama wanakuta nyuma salama, madigadi ya mbele imelala kwenye nguzo.

Kuhusu waelekezaji nitasema kwa ufupi maana jambo hili linanipandisha damu. Mtu mmoja. Mchague wewe, mjue jina, mpange kabla. Asimame mahali unapomuona. Ukiwa humuoni, simama, hata kama watu mia wanakwambia njoo. Na lile neno "kulia" lifutwe kabisa. Mimi na mwanangu tunasema "kata msikitini", "kata baharini", "kata kwa Bi Mkubwa", kitu kinachoonekana na ambacho hakigeuki mtu anapogeuka. Wengine wote waambieni kwa adabu, wazee wangu, nashukuru, endeleeni na bao lenu.

Sasa mikono na miguu. Hapa nawasemesha khasa vijana ambao wamerithi hizi gari na walijifunzia otomatiki.

Stelingi haina pawa. Ukiikata gari ikiwa imesimama, unalivuta tairi juu ya lami kavu, na nguvu zote zinakwenda kwenye tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, na vitu vingine ambavyo ni wazee kuliko nyinyi. Iache gari itambae kwanza, hata upana wa vidole vinne, ndipo ukate. Utashangaa wepesi wake. Gari yenyewe haifiki kilo 800.

Gia ya rivasi haipendi haraka. Ukikanyaga klachi ukaichomeka papo hapo, inasaga, na kila mtu mtaani anageuka. Ndani ya giaboksi vitu bado vinazunguka. Kanyaga klachi, gusa kwanza gia ya pili, itatuliza mzunguko, halafu ndio uende rivasi. Italia ule mlio wake wa kuguna, usiogope, ndio sauti ya meno yake.

Breki. Hili wengi hamlijui, na mimi nililijua kwa kuchelewa. Dramu ni lile kopo la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, na brekishuu ni zile pande mbili za ndani zinazolikandamiza ili gari isimame. Dramu za mbele za Minor zimepangwa brekishuu zake zote mbili zivutwe na mzunguko wa dramu wakati gari inakwenda mbele: dramu inazibeba, inazikandamiza yenyewe, wewe unakanyaga kidogo tu. Gari ikirudi nyuma mambo yanapinduka, dramu inazisukuma zitoke. Kwa hiyo mguu ule ule, nguvu ile ile, gari inasimama kwa mbele na inateleza kwa nyuma. Mtu anadhani breki zimekufa. Hazijafa, ndivyo zilivyo. Kwenye mteremko, au masika dramu zikiwa zimeingia maji, anza kukanyaga mapema, na mkono uwe karibu na hendibreki.

Hendibreki nayo, kwa hewa yetu hii ya chumvi, usiiache imevutwa wiki nzima. Inaganda, na siku ya kutoka unavutana na gari kama unavyovutana na punda. Tia gia, weka kabari ya mti nyuma ya tairi. Na uitoe kabla hujaondoka.

Nimesahau kitu. Minor za kabla ya 1961 zina mikono ya indiketa, inachomoza kwenye nguzo nyuma ya mlango kama sikio la sungura. Mwanangu aliingia uchochoroni hali ya kuwa mkono bado umesimama nje. Mkono mpya nilingoja miezi mitano kutoka Uingereza.

Pa kupaki sina mengi. Msipaki chini ya mnazi. Najua kivuli kitamu, lakini mnazi una macho kwa watu, kwa boneti hauna. Msipaki chini ya mkungu wenye kunguru. Kinyesi chao kikikaukiwa na jua kinakula rangi, na mimi, kwa rangi niliyonayo, nadhani wananifanyia makusudi. Na wale wa kupeleka gari ufukweni kwa ajili ya picha: tizameni mwezi kwanza. Siku za bamvua maji hayakwambii yanakuja. Gari ya pwani tayari inaliwa na kutu ikiwa kavu, usiitie baharini ukairahisishia kazi.

Naona mwenyekiti ananionesha saa. Nina jambo moja la kiutendaji. Safu ya pili, ile Peugeot 404 nyeupe iliyokaa mshazari imenizibia nyuma. Nimepima, zimebaki inchi 6. Mzee wangu mwenye gari, usinyanyuke, kunywa kahawa yako. Mwanangu atasimama pale kwenye mwembe nimuone. Nyinyi wengine, nawaomba kwa heshima zote, mtizame upande wa bahari mpaka niwaambie.